Ngamia Shambani, Lori la Mchanga Usiku: Usalama ni Kazi ya Nani?

Kiangazi kinapokaza, malalamiko ya wakazi huwa yale yale. Upande wa Kitui, mkulima wa Mutha, Endau au Ngomeni anaamka kukuta ndengu na kunde zimeliwa na ngamia. Upande wa Makueni, malori yameingia mtoni usiku kuchota mchanga. Swali linalofuata pia huwa lile lile: mbona gavana hatumi polisi?

Jibu fupi ni kwamba gavana hana polisi wa kutuma. Lakini sheria ilimpa gavana, pamoja na mwananchi wa kawaida, kiti katika meza inayojadili kazi ya polisi, na wakazi wengi hawajui kwamba meza hiyo ipo.

Tuanze na Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linagawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Ulinzi wa nchi, huduma za polisi, sheria za jinai na magereza vyote viko upande wa serikali ya kitaifa. Kifungu cha 239 kinataja vyombo vitatu vya usalama wa taifa: Jeshi la Ulinzi la Kenya, Huduma ya Taifa ya Ujasusi na Huduma ya Taifa ya Polisi. Kifungu hicho hicho kinamkataza mtu yeyote kuunda kikosi cha kijeshi au kinachofanana nacho nje ya Katiba na sheria za Bunge. Polisi wote wanaamriwa na Inspekta Jenerali. Kamishna wa Kaunti, manaibu wake, chifu na naibu wa chifu ni watumishi wa serikali ya kitaifa, wala hawaripoti kwa gavana. Askari wa kaunti anayeonekana sokoni kazi yake ni kutekeleza sheria za kaunti, na hana bunduki.

Hata hivyo, mambo mengi yanayozaa au kuzuia uhalifu yako mikononi mwa kaunti: taa za barabarani, leseni za pombe, masoko ya mifugo, udhibiti wa magonjwa ya wanyama, hifadhi ya udongo na maji, na barabara za mashinani. Mahali ambapo barabara imekatwa na mvua, gari la polisi halifiki hata kama lina mafuta.

Ndiyo sababu Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika kifungu cha 41, ikaweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti wake ni gavana, au waziri wa kaunti aliyeteuliwa na gavana. Humo wanakaa wakuu wa polisi, upelelezi na ujasusi katika kaunti, pamoja na wawakilishi wawili wa wadi waliopendekezwa na bunge la kaunti. Kisha kuna wananchi wasiopungua sita kutoka makundi ambayo sheria imeyataja: wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalum, viongozi wa dini na vijana.

Mamlaka hiyo haimwamuru polisi kumkamata fulani au kumwachilia fulani. Kazi yake ni kupendekeza vipaumbele na malengo ya polisi katika kaunti, kufuatilia mwenendo wa uhalifu, hasa unaowagusa wanawake na watoto, kusimamia matumizi ya fedha za polisi katika kaunti, kupokea ripoti za kamati za polisi jamii na kuwapa polisi maoni kuhusu utendaji wao. Kwa lugha ya shambani: mkuu wa polisi anaweza kuulizwa mezani kwa nini doria za Kitui Mashariki hupungua wakati wa kuvuna ndengu, na jibu lake likaandikwa. Hilo si jambo dogo, kwa sababu katika baraza la chifu swali kama hilo mara nyingi hubaki hewani.

Suala la ngamia linaonyesha ugumu wenyewe. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na mpaka wake wa mashariki na Tana River ni mrefu na hauna watu wengi. Ukame ukizidi, wafugaji husogea kuelekea malisho na maji. Wafugaji hao ni Wakenya, na Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutembea popote nchini. Kifungu cha 40 nacho kinalinda mali ya mkulima. Haki ya kutembea haimpi mtu ruhusa ya kulisha mifugo katika shamba la mwenzake: Sheria ya Kuingilia Ardhi inalitaja jambo hilo kuwa kosa. Vilevile, kosa ni la aliyelitenda. Si la kila anayezungumza lugha yake.

Kuna tofauti moja inayowaumiza wakulima. Ndovu akiua mtu, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaipa familia fidia ya shilingi milioni 5, na mimea iliyoharibiwa ina utaratibu wake wa fidia pia, hata kama malipo huchelewa. Ngamia si mnyamapori. Ana mwenyewe, kwa hivyo mkulima hana budi kumtafuta mwenye ngamia na kuthibitisha hasara. Hapo ndipo kesi nyingi hufia: mifugo imeshaondoka, hakuna nambari ya OB, na hakuna aliyepima shamba kabla ya mvua kufuta nyayo.

Makueni ilipita njia nyingine. Mwaka wa 2015 kaunti ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikaunda mamlaka ya kusimamia uchotaji na utoaji wa vibali. Sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kuchimba kisima mtoni. Mto wa msimu huhifadhi maji chini ya mchanga miezi mingi baada ya mvua. Mchanga ukiondolewa hadi mwamba, maji ya mvua hupita mbio na visima hukauka. Kaunti ilikuwa na uwezo wa kutunga sheria hiyo kwa sababu hifadhi ya udongo na maji ni kazi yake. Lakini kulisimamisha lori usiku likiwa na vijana waliojihami kunahitaji polisi, na polisi ni wa serikali ya kitaifa. Sheria ya kaunti bila polisi ni mlango bila kufuli.

Hatari ya kuacha pengo hilo ilionekana Kitui mapema mwaka wa 2018. Baada ya serikali ya kaunti kupiga marufuku biashara ya makaa na mchanga unaopelekwa nje ya kaunti, lori la makaa lilichomwa Kanyonyoo, na siku chache baadaye waandamanaji wakafunga barabara huko Limuru. Agizo lililokusudiwa kulinda miti likageuka kuwa uhasama kati ya jamii mbili.

Kutokana na mambo kama hayo, wapo wanaotaka kaunti ziwe na polisi wake. Kifungu cha 247 cha Katiba kinaruhusu Bunge kuunda huduma nyingine za polisi, ila chini ya usimamizi wa Huduma ya Taifa na amri ya Inspekta Jenerali. Wanaounga mkono wanasema afisa anayejua vichaka vya Malalani atafanya kazi kuliko aliyehamishwa juzi. Wanaopinga wanauliza kitakachotokea kaunti mbili zikigombania mpaka huku kila moja ikiwa na bunduki zake. Kwa kaunti inayopakana na Tana River, hofu hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa.

Wengine wanapendekeza polisi wa akiba waongezwe. Sheria inawatambua: ni wakazi wanaojitolea kuwasaidia polisi. Udhaifu wao unajulikana pia, na mwaka wa 2019 serikali ya kitaifa iliwanyang'anya wengi wao silaha katika kaunti za kaskazini ili wakaguliwe upya. Na kila damu inapomwagika husikika sauti ikitaka jeshi. Hilo linawezekana, kama ilivyofanyika Bonde la Ufa kaskazini Februari 2023, lakini chini ya Kifungu cha 241 jeshi likitumwa kurejesha amani sehemu yenye machafuko, Bunge la Taifa lazima liidhinishe.

Kaunti ikitaka kuchangia mafuta, magari au nyumba za polisi, njia halali ni makubaliano kati ya serikali mbili, ambayo Kifungu cha 187 kinayaruhusu. Bila makubaliano hayo, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana haki ya kuhoji kwa nini fedha za zahanati zilinunua dizeli ya doria.

Kwa mkazi ambaye shamba lake limeliwa leo, utaratibu ni huu. Apige picha za shamba, nyayo na alama za mifugo kama zipo. Aripoti kituo cha polisi na asiondoke bila nambari ya OB. Amwite afisa wa kilimo wa wadi siku hiyo hiyo apime hasara na kuiandika. Afisa huyo ni mfanyakazi wa kaunti, na tathmini yake ndiyo itakayomsaidia mkulima mahakamani. Amjulishe chifu pia. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumpiga wala kumkata ngamia kwa panga. Polisi wakikataa kuandika ripoti, au wakitumia nguvu kupita kiasi, malalamiko hupelekwa kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia mienendo ya polisi.

Na nakala ya nambari ya OB ipelekwe kwa mwakilishi wa wadi. Nambari thelathini kutoka wadi moja katika msimu mmoja zikifikishwa mbele ya Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, mkuu wa polisi atatakiwa kuzijibu moja baada ya nyingine.