Upasuaji wa Taya la Juu: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kusaini

Baadhi ya watoto wanaozaliwa na mdomo wazi na kaakaa wazi, hali ambayo wengi bado huiita kwa jina lisilo la heshima la mdomo sungura, hushonwa mapema wakapona vizuri. Wakifikia ujana, huonekana tatizo jingine: taya la juu limebaki nyuma, la chini limetangulia, na meno ya mbele hayakutani. Kovu la kaakaa ni miongoni mwa sababu zinazolizuia taya kukua. Wapo pia wenye hali hiyo ambao hawakuzaliwa na kasoro yoyote ya mdomo.

Marekebisho hufanywa baada ya mifupa ya uso kukoma kukua, yaani mwishoni mwa ujana, na wasichana hutangulia kidogo. Kwanza meno hupangwa kwa waya, kazi inayoweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi. Kisha mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, mfupa hukatwa juu ya mizizi ya meno, husogezwa mbele na kufungwa kwa vibati na skurubu ndogo za titani. Mkato hupitia ndani ya mdomo, hivyo usoni hapabaki kovu.

Wagonjwa walio wengi hupata walichokitarajia: hutafuna vizuri zaidi na sura hulingana. Hata hivyo, uvimbe wa wiki za mwanzo huwatisha ndugu wasioandaliwa. Kwa takriban wiki sita chakula ni uji, supu na mtori uliopondwa sana. Ganzi ya mdomo wa juu na mashavu humpata karibu kila mgonjwa. Kwa kawaida hupungua kadiri miezi inavyopita, ingawa kwa wachache hubaki.

Madhara mengine hutokea mara chache, lakini ni mazito: kuvuja damu nyingi, maambukizi, mfupa kutounga, au sehemu ya fizi na mfupa kukosa damu ya kutosha. Uvutaji wa sigara huongeza hatari hizo. Taya linaweza pia kurudi nyuma kiasi, hasa likiwa limesogezwa umbali mkubwa, na kovu la kaakaa huzidisha uwezekano huo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni usemi. Taya likienda mbele, kaakaa laini nalo huvutwa mbele, na kwa aliyewahi kushonwa kaakaa pengo la nyuma ya koo linaweza kushindwa kuzibwa. Sauti hutokea puani. Kijana aliyehangaika miaka mingi kusema vizuri anaweza kujikuta akirudi alikotoka, na pengine akahitaji upasuaji mwingine. Kwa hiyo usemi upimwe kabla ya upasuaji, na mzazi asione haya kuuliza.

Mwananchi mwenye tatizo hili aanzie zahanati au kituo cha afya cha kata yake, apelekwe kwa daktari wa kinywa na meno wa hospitali ya wilaya, kisha apewe rufaa kwenda kwa bingwa. Aulize mapema gharama ya waya za meno, maana hulipwa kwa muda mrefu kabla ya siku ya upasuaji. Baada ya kuruhusiwa, damu isiyokoma, homa, usaha au uvimbe unaoongezeka ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyo hiyo, bila kusubiri tarehe ya kliniki.