Ramani ya Galaksi: Kweli Ipi, Uongo Upi?

Kuna picha inayozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp: nukta nyingi zisizohesabika zimejaa katika mabawa mawili yanayokutana katikati, na chini yake imeandikwa kwamba hiyo ndiyo ramani ya ulimwengu mzima. Maneno yanayoisindikiza mengine ni sahihi, mengine ni porojo. Tuyapekue tukiwa Lamadi, pale barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapoachana na ile ya Bariadi, nyuzi mbili na kitu kusini mwa ikweta.

“Bila darubini huwezi kuona galaksi nyingine.” Si kweli. Mwezi wa Novemba, saa nne usiku, mawingu ya vuli yakikupa nafasi, ondoka kwenye taa za stendi utazame kaskazini. Kile kiwingu hafifu kilicho karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini ni Andromeda, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Geuka kusini: chini zaidi kuna Wingu Dogo la Magellan, miaka ya nuru kama 200,000. Mtu wa London hapati kuliona hilo la pili hata akikesha. Sisi wa ikweta tunaziona zote mbili kwa mkupuo mmoja.

“Ramani ni picha iliyopigwa angani.” Si kweli, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Darubini inakuonyesha upande galaksi ilipo, basi. Umbali hauonyeshi. Wavuvi wa dagaa wakiingia ziwani usiku wa giza, aliyeko ufukweni huona taa zimejipanga mstari mmoja; ipi iko karibu na ni dhaifu, ipi iko mbali na ni kali, macho hayamwambii. Umbali lazima utafutwe kwa njia nyingine.

Njia yenyewe ni kuichambua nuru ya kila galaksi katika rangi zake. Ndani ya rangi hizo mna mistari ya elementi kama hidrojeni, na mahali pake panajulikana. Galaksi ikiwa inatuacha, mistari husogea upande wa nyekundu. Vesto Slipher alianza kuipima mwaka 1912. Mwaka 1929 Edwin Hubble akaonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kasi inageuzwa kuwa umbali, na ramani inapata kina.

Kazi hiyo ilikuwa ya mikono kuliko unavyodhani. Katika upimaji wa Sloan, ulioanza mwaka 2000 huko New Mexico, bamba la alumini lilitobolewa matundu mahali hasa nuru ya kila galaksi ingeangukia. Mchana mafundi walikaa wakichomeka nyuzi za faiba tunduni, moja baada ya nyingine, 640 kwa kila bamba; usiku ukiingia, kila uzi ulibeba nuru ya kitu kimoja. Mradi wa DESI huko Arizona, ulioanza kupima mwaka 2021, umewapumzisha mafundi hao: vijiroboti 5,000 hujipanga vyenyewe.

Kanuni hii ina kasoro kwa majirani. Andromeda uliyoiona kutoka Lamadi haitukimbii kamwe, inatujia. Ukiipima umbali kwa kasi yake utapata upuuzi.

“Dunia iko katikati ya ulimwengu, ramani inathibitisha.” Si kweli. Tuko katikati ya ramani kwa sababu sisi ndio tuliopima. Giza kati ya mabawa nalo si utupu: sehemu kubwa yake ni upande ambako vumbi la Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe, linaziba yaliyo nyuma.

“Nukta za mbali ni za zamani zaidi.” Kweli. DESI imefika nyuma miaka bilioni 11.

“Kuna vidole vinavyoielekea Dunia.” Kwenye karatasi vipo, angani havipo. Mwaka 1986 Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra walichapisha ramani ya galaksi kama 1,100, na katikati yake likatokea umbo la mtu aliyechorwa kwa vijiti. Kiwiliwili cha mtu huyo ni kundi la galaksi la Coma, miaka ya nuru kama milioni 320 kutoka hapa. Ndani ya kundi hilo galaksi zinazunguka huku na huku kwa kasi ya kama kilomita elfu moja kwa sekunde. Ramani haijui hayo. Yenyewe husoma kasi yoyote kama umbali, ikalivuta kundi lililojikusanya likawa mstari mrefu unaotuelekea.

“Upimaji wa anga ni mambo ya Wazungu, Afrika Mashariki haimo.” Si kweli kabisa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Wakaiita Uhuru. Njia yake ilipishana na ikweta kwa nyuzi tatu tu, kwa hiyo hata anga la Lamadi lilikuwa kwenye ukanda wake. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kupima anga lote kwa eksirei, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Ramani ya Uhuru haikuwa na kina. Ilitoa mwelekeo peke yake. Lakini Coma iling'aa humo, na mng'ao huo unatoka kwenye gesi ya moto wa mamilioni ya nyuzi iliyojaa kati ya galaksi. Gesi ya moto kiasi hicho ingeshatawanyika zamani kama isingebanwa na mvutano mkubwa sana, na mvutano huohuo ndio unaozikimbiza galaksi za Coma na kumrefusha yule mtu wa vijiti.