Ballarat na Bendigo: Mwamba Ulivyoamua Sura ya Miji Miwili ya Dhahabu

Miji ya Ballarat na Bendigo, iliyoko katika jimbo la Victoria kusini-mashariki mwa Australia, hutajwa pamoja mara nyingi mno hata msafiri akadhani kwamba akiuona mmoja ameiona yote miwili. Yote miwili ilianza mwaka 1851, mwaka uleule ambao Victoria ilitengwa na New South Wales ikawa koloni la peke yake. Yote iko upande wa kaskazini-magharibi mwa Melbourne, Ballarat kwa umbali wa takriban kilomita 115 na Bendigo kilomita 150. Na yote ilikuzwa na mfumuko wa dhahabu, yaani hali ya watu kumiminika ghafla, kwa maelfu, mahali palipogunduliwa madini hayo. Hata hivyo, kwa mgeni anayekwenda kuitembelea, ni miji yenye tabia mbili zilizo mbali kabisa, na tofauti hiyo haikuletwa na wajenzi wala na idara za utalii, bali na namna dhahabu yenyewe ilivyokaa ardhini. Mkao huo ndio ulioamua ni nani angeweza kuichimba, wachimbaji wangegombana na serikali kwa jambo gani, fedha ingejenga nini, na mgeni wa leo angeonyeshwa nini.

Msingi wa eneo lote ni miamba ya mchanga na udongo iliyojitandaza chini ya bahari ya kale zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kisha ikakunjwa na kupasuliwa na nguvu za ndani ya dunia, na katika nyufa zake maji ya moto yaliyopanda kutoka vilindini yakaacha kwatzi, ambalo ni jiwe gumu jeupe, pamoja na chembe za dhahabu. Huko Bendigo kwatzi hiyo ilijikusanya hasa kwenye vilele vya mikunjo, tabaka chini ya tabaka, kwa umbo la tandiko lililolazwa juu ya mgongo wa farasi, na wanajiolojia wakaiita miamba ya tandiko. Mchimbaji aliyemaliza tandiko moja alikuwa na sababu nzuri ya kuzidi kushuka akitafuta jingine. Huko Ballarat, kinyume chake, sehemu kubwa ya utajiri wa mwanzo haikuwa ndani ya mwamba tena, kwa kuwa mito ya kale ilikuwa imekwisha kuumomonyoa na kuimwaga dhahabu katika changarawe za mikondo yake, na baadaye volkano zikatoa lava iliyofunika mabonde hayo na kuganda kuwa basalti, jiwe zito jeusi. Mito hiyo iliyozikwa ilikuwa na dhahabu nyingi, lakini hakuna mtu aliyeweza kujua, kwa kutazama uso wa ardhi tu, ilipinda wapi na iliishia wapi.

Katika miezi ya kwanza ya Ballarat, mtu mmoja mwenye sururu, beleshi na karai aliweza kupata riziki yake karibu na uso wa ardhi. Lakini kufikia mwaka 1854 mambo yalikuwa yamebadilika, na ili kuufikia mto uliozikwa ilibidi kundi la wanaume lichimbe duara, kama wachimbaji wadogo wa Geita, Tanzania, wanavyoliita shimo la kushukia, lenye kina cha mita 30 na zaidi, likizuia kuta zisiporomoke kwa magogo na kukamua maji usiku na mchana, kwa muda wa miezi mingi bila kuona hata punje. Katika muda wote huo serikali ya koloni ilidai ada ya leseni, iliyoanza kwa shilingi 30 kwa mwezi na kupunguzwa baadaye hadi pauni moja, awe mchimbaji amepata dhahabu au hajapata, na polisi walipita mara kwa mara kuwasaka wasiokuwa nayo. Kwa mtu aliyeokota dhahabu leo kwa leo kodi hiyo ilikuwa kero. Kwa kundi lililokuwa bado linashuka shimoni ilikuwa ni kulipia kitu ambacho halijakishika. Ghadhabu ya Ballarat haieleweki vizuri bila jambo hilo, na ni jambo linalopotea katika maelezo mengi yanayotaja uhuru na demokrasia bila kutaja kina cha mashimo.

Mwishoni mwa Novemba 1854 wachimbaji walizichoma leseni zao hadharani, wakapandisha bendera ya buluu yenye msalaba mweupe na nyota tano, wakala kiapo chini yake wakiongozwa na Peter Lalor, mzaliwa wa Ireland, kisha wakajenga boma la magogo mahali palipoitwa Eureka. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, askari walilivamia boma hilo na kulitwaa kwa muda usiofika nusu saa, na watu wasiopungua 27 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa wachimbaji. Watu 13 walishtakiwa kwa uhaini, na wa kwanza kufikishwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama alikuwa John Joseph, Mmarekani mweusi, aliyeachiwa huru na kubebwa kwa shangwe na umati katika mitaa ya Melbourne. Waliobaki nao hawakupatikana na hatia. Katika mwaka 1855 leseni ya kila mwezi ilifutwa, ikawekwa hati ya mchimbaji ya pauni moja kwa mwaka, ambayo pia ilimpa mwenye nayo haki ya kupiga kura, na Lalor, aliyekuwa amepoteza mkono mmoja katika mapambano yale, akaingia katika baraza la kutunga sheria na baadaye akawa Spika.

Bendera yenyewe ingalipo. Askari aliyeishusha, John King, aliichukua, watu wakakatakata vipande vyake kuwa kumbukumbu, na kilichosalia kinahifadhiwa katika chumba chenye mwanga hafifu ndani ya Kituo cha Eureka, mashariki mwa katikati ya mji. Ni kitambaa kikubwa kilichochanika na kupauka, na hakuna kitu kingine katika miji yote miwili kinachostahili kutazamwa kwa utulivu kiasi hicho. Wageni walio wengi, hata hivyo, huenda kwanza Sovereign Hill, makumbusho ya wazi yaliyofunguliwa mwaka 1970, ambako barabara ya miaka ya 1850 imejengwa upya pamoja na maduka yake, wahunzi, watengeneza mishumaa na magari ya farasi, na ambako mgeni huonyeshwa jinsi dhahabu inavyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kazi hiyo imefanywa kwa uangalifu mkubwa, na kwa familia yenye watoto ni vigumu kupata darasa bora kuliko lile; lakini ni vema mgeni akumbuke kwamba majengo yale ni nakala, na kwamba dhahabu anayoichekecha kijitoni hutiwa humo na wenye makumbusho. Humo pia huonyeshwa kisa cha kugunduliwa kwa donge lililoitwa Welcome, lenye uzito wa takriban kilo 69, lililofukuliwa katika mgodi wa Bakery Hill mwaka 1858, wakati ambapo uchimbaji wa mito iliyozikwa ulikuwa umeshika kasi.

Haki inataka isemwe kwamba Bendigo ilitangulia kulalamika. Katika mwaka 1853 wachimbaji wake walizunguka na karatasi wakidai ada ipunguzwe hadi shilingi 10, wakapata sahihi zaidi ya 5,000, na ombi hilo, lililounganishwa likawa refu kiasi cha mita 13, limehifadhiwa katika maktaba ya jimbo huko Melbourne. Wengi walivaa utepe mwekundu kofiani kuonyesha msimamo wao, lakini damu haikumwagika, na kwa sababu hiyo historia imelisahau tukio hilo upesi.

Dhahabu ya juujuu ya Bendigo ilipokwisha, kilichobaki kilikuwa mwamba, na mwamba haukuweza kushindwa kwa karai. Ulihitaji injini za mvuke, makarasha, yaani mitambo ya kuponda mawe, na zaidi ya yote mtaji, hivyo mchimbaji aliyejitegemea akageuka kuwa mfanyakazi wa mshahara, na mahali pake pakachukuliwa na makampuni na wauzaji wa hisa. Kielelezo cha zama hizo ni George Lansell, aliyeanza na duka la nyama na mishumaa akaishia kuitwa mfalme wa kwatzi kwa ushupavu wake wa kuamini kwamba utajiri uliendelea vilindini, na migodi kadhaa ya mji huo ilifuata imani hiyo hadi zaidi ya mita 1,000 chini ya ardhi. Mgodi wa Central Deborah, ulioanza kazi mwaka 1939 na kufungwa mwaka 1954, una kina cha mita 412, na mgeni aliyevaa kofia ngumu na taa hushushwa makumi ya mita hadi kwenye njia halisi walimofanya kazi watu halisi. Unyevu, giza na ufinyu wa mahali hapo havikuigizwa. Vilevile hapafichwi gharama ya kazi hiyo, kwa kuwa vumbi la kwatzi lililotimuliwa na mashine za kutoboa miamba liliyaharibu mapafu ya wachimbaji wengi wa Bendigo na kuwaua wangali vijana, na kwa sababu hii ziara ya Central Deborah ina uzito ambao nakala yoyote, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuufikia.

Urithi wa pili wa Bendigo ni wa Wachina, ambao wengi walitoka jimbo la Guangdong na kuiita Victoria mlima mpya wa dhahabu, baada ya ule wa zamani wa California. Koloni iliwatoza pauni 10 kila mmoja aliyeshuka bandarini kuanzia mwaka 1855, ushuru ambao hakutozwa mgeni mwingine yeyote, na maelfu yao wakaukwepa kwa kuteremka Robe, katika koloni jirani la Australia Kusini, kisha wakatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 400 hadi machimboni. Wachina walikuwapo Ballarat pia, lakini ni Bendigo walikobaki wakionekana katika maisha ya mji: hekalu lao la matofali mekundu huko Emu Point lingalipo, na Makumbusho ya Joka la Dhahabu, yaliyofunguliwa mwaka 1991, yanahifadhi majoka ya maandamano, akiwemo Loong, joka la kifalme lililo miongoni mwa ya kale zaidi duniani yaliyosalia. Tamasha la Pasaka, lililoanza mwaka 1871 kwa ajili ya kuchangia hospitali na kituo cha wasiojiweza, lilipata kwa Wachina hao mchango na mapambo yake makuu, na hadi leo joka refu hubebwa mitaani na makumi ya watu. Jamii iliyotozwa kodi ya ubaguzi ndiyo iliyokuja kusaidia kulipia vitanda vya wagonjwa wa mji, na jambo hilo lingestahili kuelezwa kwa sauti kubwa zaidi kuliko linavyoelezwa sasa.

Kwa majengo, miji inalingana. Mtaa wa Lydiard wa Ballarat una hoteli, benki na ukumbi wa maonyesho wa mwaka 1875, pamoja na jumba la sanaa lililoanzishwa mwaka 1884. Mtaa wa Pall Mall wa Bendigo una Hoteli ya Shamrock ya mwaka 1897 na posta iliyojengwa kama kasri. Bendigo inazidi kwa kuwa mnara wa mgodi umesimamishwa katika bustani yake ya katikati, na anayeupanda huuona mji wote pamoja na vilima vilivyochimbuliwa.

Vilima hivyo ni vya watu wa Dja Dja Wurrung, kama ardhi ya Ballarat ilivyo ya Wadawurrung, na Dja Dja Wurrung wanaieleza nchi yao kuwa ni nchi iliyopinduliwa juu chini, kwa maana udongo wa juu ulioshwa na kusukumwa mabondeni, miti ikakatwa kwa ajili ya magogo na kuni za injini, na vijito vikajaa mchanga. Mwaka 2013 serikali ya Victoria ilitiliana saini na Dja Dja Wurrung mkataba wa kuwatambua kuwa wenyeji wa asili wa eneo hilo. Katika maonyesho mengi ya miji yote miwili sehemu yao bado ni ndogo mno, na huu ndio upungufu mkubwa kuliko wote ambao mgeni atakutana nao.

Kwa mwenye siku moja tu, Bendigo ndiyo inayofaa zaidi, isipokuwa akiwa na watoto wadogo au akiwa anaijali hasa historia ya siasa, ambapo Ballarat haina mbadala. Treni kutoka Melbourne hufika Ballarat kwa muda unaozidi saa moja kidogo na Bendigo kwa takriban saa mbili, lakini kati ya miji hiyo miwili ni heri kusafiri kwa gari, umbali wa takriban kilomita 120, na kupitia Castlemaine, ambako hifadhi ya machimbo ya kale ina mifereji na misingi ya mawe iliyoachwa porini bila kujengwa upya. Ballarat iko juu zaidi na baridi yake kati ya Juni na Agosti ni kali, ilhali Bendigo huwa na joto kubwa Januari na Februari, kwa hiyo Machi na Aprili ndiyo miezi inayofaa kwa yote miwili. Na anayetaka kuliona joka barabarani aweke nafasi ya malazi ya Pasaka mapema.