Louise Farrenc: mtunzi na profesa aliyedai mshahara wake

Neno letu «mtunzi» halisemi kama ni mwanaume au mwanamke. Kifaransa huchagua jinsia, na tukisikia «compositeur» sisi wanafunzi wa lugha huwaza mwanaume moja kwa moja. Maisha ya Louise Farrenc yanaonyesha mazoea hayo yalivyoweza kugusa hata mkate wa mtu.

Alizaliwa Paris mwaka 1804, katika ukoo wa wachonga sanamu wa Dumont. Alijifunza piano tangu utoto, kisha utunzi kwa Anton Reicha, profesa wa Konservatwari. Lakini masomo hayo ya utunzi aliyapata faraghani, kwa maana darasa lenyewe lilikuwa la wanaume tu. Mwaka 1821 aliolewa na Aristide Farrenc, mpiga filimbi na mchapishaji wa muziki, ambaye alizichapisha kazi zake.

Katika miaka ya 1840 aliandika simfoni tatu, wakati watu wa Paris walipenda zaidi opera. Mwaka 1842 Konservatwari ilimwajiri kuwa profesa wa piano kwa wasichana. Mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa maprofesa wanaume wa piano.

Mwaka 1850 ilipigwa kazi yake ya ala tisa, nne za nyuzi na tano za kupuliza. Kati ya wapigaji alikuwamo kijana Joseph Joachim, aliyekuja kuwa bingwa wa violini. Wasikilizaji waliipenda sana. Ndipo Farrenc alipomwandikia mkurugenzi, Auber, akidai alipwe sawa na wenzake, naye akakubaliwa. Tuangalie vizuri: ufundishaji wake ulikuwa uleule kwa miaka minane. Kilichobadilika ni sifa yake mjini.

Mwaka 1859 alifiwa na binti yake Victorine, mpiga piano hodari. Tangu 1861 yeye na mume wake walichapisha mkusanyo mkubwa wa muziki wa kale wa piano, *Le Trésor des pianistes*. Mume alifariki 1865, na Louise akaiendeleza kazi hiyo peke yake. Aliacha kufundisha mwaka 1873, akafariki 1875.

Baada ya hapo simfoni zake zilisahauliwa kwa muda mrefu. Leo okestra zinazipiga tena. Kiswahili kinampa jina lilelile la mtunzi kama wanaume. Mshahara sawa, ilimpasa kuudai mwenyewe.