Nywele za Mwana Hiti

Miongoni mwa Waluguru wa milima ya Uluguru, inayouinamia mji wa Morogoro, na jirani zao Wakutu, Wakami, Wakwere na Wazaramo, nywele zilieleza hatua aliyofikia mtu maishani, na ushahidi ulio wazi wa jambo hilo ni mwana hiti, yaani mwanasesere mdogo wa mti ambaye mara nyingi hutosha kiganjani.

Mwana hiti alikabidhiwa mwali, yaani msichana aliyevunja ungo na kuwekwa ndani ili afundwe, naye alimtunza kama mwanawe, akimpaka mafuta, kwa kuwa ilitumainiwa kwamba malezi hayo yangemfungulia njia ya uzazi. Na kwa Waluguru, ambao hufuata ukoo wa mama uitwao lukolo, uzazi wa binti ndio uliouendeleza ukoo. Mwanaanthropolojia wa Finland, Marja-Liisa Swantz, aliyechapisha mwaka 1970 utafiti wake kuhusu Wazaramo, alizieleza kwa kina alama za unyago, mwana hiti akiwa miongoni mwazo.

Kiwiliwili cha mwana hiti ni kigogo cha mviringo kisicho na mikono wala miguu, matiti na kitovu ni vinundu vidogo, na uso huachwa karibu mtupu. Lakini kichwani mchongaji huchonga kwa ustadi matuta ya nywele, mara nyingi mawili yaliyotenganishwa na mfereji, kana kwamba mtu angeweza kutambulika bila viungo ila si bila nywele.

Maana hiyo ya nywele haikuishia unyagoni. Waislamu, ambao ni wengi mkoani Morogoro, humnyoa mtoto mchanga siku ya saba, ambayo ndiyo siku ya akika, na ni sunna kutoa sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele hizo. Na katika jamii nyingi za Tanzania wafiwa hunyoa ili kuonyesha msiba. Hata msusi wa leo, anaposuka twende kilioni, ile mistari myepesi inayoelekea kisogoni, hutumia jina linalokumbusha kwamba mfiwa hana nafasi ya kujipamba.

Kwa hiyo mwana hiti anayewekwa katika kabati la makumbusho na kuandikiwa kabila na urefu wake tu amenyimwa sehemu kubwa ya maana yake. Anastahili kuelezwa pamoja na mwali aliyemtunza, kama vile majina ya mitindo ya leo yanavyostahili kuandikwa pamoja na hali ambayo kila mtindo husukwa kwa ajili yake.