Zipu: Jinsi Inavyofunga Nguo

Chunguza nguo ulizovaa leo. Zinafungwa kwa kitu gani? Shati lina vifungo. Kaptura au sketi yaweza kuwa na zipu, na mkoba wa vitabu pia. Katika sura hii tutachunguza jinsi zipu inavyofanya kazi, na kwa nini mara nyingine hukataa kufunga.

Zamani wakazi wa Tabora hawakuwa na haja ya zipu. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa njia panda ya misafara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapo, kisha mingine ikaendelea magharibi hadi Ujiji, na mingine ikaelekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Sehemu kubwa ya mizigo iliyotoka pwani ilikuwa vitambaa: merikani, iliyopata jina lake kutokana na Marekani ilikofumwa, na kaniki, iliyotoka Bara Hindi. Kitambaa kilitumika kama fedha. Kilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilikuwa doti moja. Shuka ilizungushwa mwilini ikafungwa fundo, basi. Fundo halina meno ya kung'oka wala halipati kutu.

Lakini nguo iliyoshonwa kufuata umbo la mwili, kama suruali, ni tofauti. Lazima iwe na mahali pa kufunguka ili mwili upite, kisha pafungwe.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912. Mwaka uliofuata, huko Marekani, mhandisi mzaliwa wa Uswidi aitwaye Gideon Sundback alitengeneza zipu inayofanana na ya leo. Kabla yake, mwaka 1893, Mmarekani Whitcomb Judson alikuwa amebuni kifaa cha kufungia viatu kwa kulabu na matundu. Kulabu hizo zilifunguka ovyo, na watu hawakukipenda kifaa hicho. Sundback aliziacha kulabu, akatumia meno madogo mengi yanayolingana.

Sasa chukua mkoba wenye zipu ya meno makubwa. Utaona tepe mbili za kitambaa. Kwenye ukingo wa kila utepe kuna safu ya meno. Meno hayo yaweza kuwa ya madini au ya plastiki; katika zipu nyingine ni uzi mnene wa nailoni uliopindwa kama chemchemi ya kalamu. Tazama kwa makini: meno ya upande mmoja hayakuelekeana na meno ya upande wa pili. Kila jino limeelekea nafasi iliyo kati ya meno mawili ya upande wa pili. Jino la madini lina kinundu juu na kishimo chini. Zipu ikifungwa, kinundu cha jino moja huingia katika kishimo cha jino jingine.

Kifaa kidogo kinachopanda na kushuka tutakiita kitelezi. Ndicho kinachofanya kazi yote. Ndani yake mna njia yenye umbo la herufi Y. Mbele kuna milango miwili, mmoja kwa kila safu ya meno. Nyuma kuna mlango mmoja tu. Katikati ya milango miwili kuna kabari. Bila shaka umewahi kuona mtu akipasua gogo kwa kabari ya chuma. Kabari ni mashine rahisi: huigonga kwa kwenda chini, nayo husukuma mbao kwenda kando.

Ukivuta kitelezi kufunga, kuta zake huzisukuma safu mbili zikutane kwa mshazari, na meno huingiliana moja baada ya jingine. Ukikivuta kufungua, kabari hupita katikati na kuyatenganisha.

Kwa nini basi huwezi kuitenganisha zipu iliyofungwa kwa kuivuta kando kwa mikono? Fanya jaribio hili. Pitanisha vidole vya mkono wa kulia na vya mkono wa kushoto, kisha vikunje. Mwambie mwenzako aivute mikono yako kando. Atashindwa. Sasa nyosha vidole kimoja kimoja, kuanzia kile cha pembeni. Mikono itaachana bila nguvu. Meno ya zipu nayo hushikana hivyo: kila moja limebanwa na majirani zake, na hutoka tu likianziwa mwishoni.

Huenda umeona zipu ambayo kitelezi chake hupanda vizuri, lakini meno hubaki wazi nyuma yake. Watu husema meno yamekufa, na suruali nzima hutupwa. Mara nyingi kosa si la meno. Kitelezi kimesuguliwa na meno kila siku hadi njia yake imepanuka, kwa hiyo meno hupita ndani bila kubanwa. Fundi cherehani anayejua jambo hili huchukua koleo, akabana kidogo mlango wa nyuma wa kitelezi, kulia na kushoto sawasawa. Akibana mno, kitelezi hupasuka au hukwama. Jino likiwa limeng'oka kweli, dawa hiyo haifai. Ikiwa pengo liko chini karibu na mwisho, fundi hushona nyuzi kadhaa juu yake ili kitelezi kisifike hapo tena.

Zipu ikinasa ngozi, usiivute kwa nguvu. Mwite mtu mzima. Yeye aweza kukata zipu kwa mkasi chini ya kitelezi, na meno yataachana kuanzia hapo. Kama ngozi imeumia, nenda zahanati.

Zipu nyingine huwa ngumu kwa sababu ya vumbi au kutu. Wakati wa kiangazi vumbi la Tabora huingia kila mahali, na meno ya zipu hayasaliki. Vumbi huongeza msuguano, yaani nguvu inayozuia vitu viwili visiteleze. Kwanza piga meno brashi kavu. Usitie mafuta ya kupikia, kwani hunasa vumbi zaidi na kuchafua nguo. Tumia nta ya nyuki. Tabora ni maarufu kwa asali kutoka misitu yake ya miombo, na asali ikishakamuliwa nta hubaki.

Jaribio. Tafuta mkoba wa zamani wenye zipu ngumu. Funga zipu, kisha mwenzako aishike ikiwa wima na imenyooka, kitelezi kikiwa juu. Funga mfuko mwepesi kwenye kishikio cha kitelezi. Tia mawe madogo yenye ukubwa sawa, moja moja, hadi kitelezi kianze kushuka. Andika idadi ya mawe katika daftari. Sasa sugua nta juu ya meno, pandisha na kushusha kitelezi mara tano, kisha rudia jaribio. Rudia tena kwa zipu nyingine ngumu, ukitumia mshumaa badala ya nta, na kwa ya tatu ukitumia ncha ya penseli. Je, idadi ya mawe ilipungua kwa kiasi gani kila mara? Kwa nini penseli haifai kwa zipu ya nguo nyeupe?