Tusibane Matumizi kwa Matairi ya Kipara

Katika shule nyingi za mashambani, pikapu ndiyo punda wa kila kazi. Asubuhi huleta mahindi na kuni; usiku hukimbiza mwanafunzi mgonjwa hospitalini. Hata hivyo, wakuu wanapoketi kujadili bajeti, matairi hutajwa mwisho, na aghalabu hununuliwa yale ya bei ya chini kabisa. Nionavyo mimi, huko si kubana matumizi bali ni kuchezea roho za watu.

Kwanza ni suala la uzito. Ubavuni mwa tairi, baada ya tarakimu za ukubwa, pana nambari ya mzigo. Tairi lenye nambari 92 limeundwa kubeba kilo 630. Lenye 106, kilo 950. Magunia 10 ya mahindi, kila moja kilo 90, ni kilo 900, na sehemu kubwa ya uzito huo huelemea magurudumu ya nyuma. Ni dhahiri basi kwamba tairi la gari dogo halifai pikapu ya mizigo, hata likiingia sawasawa kwenye rimu.

Pili ni umri. Tangu kiwanda cha Sameer Africa jijini Nairobi kikomeshe utengenezaji wa matairi mwaka 2016, tumezidi kutegemea yatokayo nje, na baadhi hukaa ghalani muda mrefu. Tarakimu nne za tarehe hufichua ukweli: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotembea; meno marefu yasikuhadae.

Isitoshe, kununua vyema pekee hakutoshi. Upepo sharti upimwe kila juma, kabla ya safari, tairi likiwa baridi, na ujazwe kwa kipimo alichoagiza mtengenezaji wa gari. Tairi lenye upepo haba hujikunja kupita kiasi, likapata joto na hatimaye kupasuka. Nayo meno yakilika hadi kulingana na vinundu vilivyo ndani ya mifereji, yaani milimita 1.6, tairi limekwisha.

Walimu wa hisabati na fizikia, hapa pana somo lisilohitaji maabara. Wapelekeni wanafunzi kwenye pikapu ya shule wazisome nambari hizo, wakokotoe mzigo na kupima upepo. Wakigundua kasoro, mwalimu mkuu asikilize.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu unaonekana kwa macho. Tuuzibe mapema.